Mutai alishuka lini? Usiulize saa, muulize Kebede

Mpwa wangu ana daftari. Daftari la shule tu la mistari, jalada lishaanza kulegea kwa unyevu wa pwani, na ndani kaandika taimu za wakimbiaji wa marathoni, kila mmoja na ukurasa wake, mwaka, mji, taimu, alafu pembeni kachora mshale. Mshale wa juu maana yake kapanda, wa chini kashuka. Basi juzi Jumamosi baada ya isha tuko barazani, mji wa kale hapa Malindi, kahawa inazunguka na kashata zake, mara kafungua ukurasa wa Geoffrey Mutai, Mkenya mwenzetu, akanisukumia.

"Mjomba hebu angalia, huyu jamaa alikuwa mtu wa siku moja tu, upepo ulimbeba kisha basi."

Nikaangalia. Hakuandika mbio zote, lakini zile za maana zipo. Boston Aprili 2011, 2:03:02. New York Novemba 2011, 2:05:06, mshale chini. Boston 2012, aliacha njiani, hapo kapiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Berlin 2012, 2:04:15, mshale juu. New York 2013, 2:08:24, chini. London 2014, 2:08:18, mshale juu mdooogo, manake sekunde sita. New York 2014, 2:13:44, chini, na huo wa mwisho kaukoleza mpaka karatasi inataka kutoboka.

Sasa ukiifuata ile mishale utaona hadithi iliyonyooka, mtu kalipuka Boston alafu akawa anateremka mpaka akaisha. Mie nikamwambia hadithi hiyo si ya kweli, na hapo ndipo tulipokesha mpaka mwenye kahawa akaanza kukusanya vikombe.

Tuanze na Boston yenyewe manake ndiyo iliyochafua ukurasa mzima. Tarehe 18 Aprili 2011 Mutai alimaliza kwa 2:03:02 na Moses Mosop, tena marathoni yake ya kwanza maishani, akaja nyuma yake kwa 2:03:06. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa ya Haile Gebrselassie, 2:03:59 ya Berlin 2008. Yaani watu wawili kwa siku moja wamekwenda chini ya rekodi ya dunia, wa kwanza kwa sekunde 57, na shirikisho la riadha la dunia halikuihesabu kuwa rekodi. Watu wengi huku kwetu mpaka leo wanaamini alidhulumiwa.

Hakudhulumiwa. Sheria ilikuwepo kabla yake. Kozi ya rekodi, yaani njia yenyewe ya mbio, haifai iteremke zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, kwa marathoni nzima ya kilomita 42 kama mita 42, na pale pa kuanzia na pa kumalizia pasiachane, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya masafa. Boston inaanzia Hopkinton huko bara inakwenda moja kwa moja mpaka mjini, na kwa jumla inateremka kama mita 140. Kwa hiyo imeanguka mitihani yote miwili, tena kwa mbali.

Ule mteremko si tatizo kubwa sana ukiniuliza mie, manake kule mwanzoni ukiteremka mapaja yanachakaa, alafu vile vilima vya Newton vinakungoja baada ya kilomita 25 hivi, na cha mwisho wanakiita Heartbreak Hill. Tatizo ni huko kwenda upande mmoja. Kozi ya kuzunguka, upepo ukikusukuma huku utakukinza kule. Boston ukikupata kwa nyuma unakuwa nao karibu njia nzima, na siku ile ulivuma kwa nguvu kutoka nyuma yao.

Hapo Ami akaingilia. Ami alikuwa nahodha, kaendesha majahazi miaka mingi kabla ya goti kumshinda, na mambo ya riadha huwa hayamshughulishi, yeye anasikiliza tu na kahawa yake.

"Wanakwenda upande gani, mwanangu?"

"Upande mmoja tu, Ami, hawarudi."

"Na upepo wa tezi?"

"Wa tezi, Ami, mgongoni."

"Basi hiyo ni Malindi kwenda Lamu na kusi. Hata mie ningefika mapema. Mwambie arudi nalo hilohilo kusi ndio tumjue."

Na kwa kweli kaimaliza mada. Kila mtu wa hapa anajua nahodha hasifiwi kwa kufika Lamu haraka mwezi wa saba. Mie mwenyewe nishajaribu kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa nikakimbia mchangani kuelekea Sabaki na kusi mgongoni, dakika 27, nikageuka palepale nikarudi kwa njia ileile, dakika 31 na mchanga umejaa mdomoni. Mguu ni uleule na asubuhi ni ileile. Ukinipima kwa saa utasema nimezeeka ndani ya nusu saa.

Lakini mpwa wangu kwa kusikia hivyo akafurahi, akadhani tumemuunga mkono. "Si ndio nasema, upepo! Toa upepo hakuna Mutai." Hapana bwana. Upepo unakwambia usiiamini ile 2:03:02, haukwambii kama yeye mwenyewe ni mdogo. Hayo ni mambo mawili na watu wanayachanganya kila siku.

Mie njia yangu ni hii. Ukitaka kumpima mtu katika kozi mbili zisizofanana, achana na saa kwanza, tafuta mtu mwengine aliyekimbia naye kote kuwili. Upepo uliompiga huyu ulimpiga na yule, kilima walipanda pamoja. Ile tofauti baina yao ndiyo inayobaki mkononi. Sokoni ukitaka kujua huyu muuza mchele na yule nani anakupunja si unakwenda na kibaba chako mwenyewe? Basi.

Kibaba cha kwanza ni Gebregziabher Gebremariam wa Ethiopia. Boston 2011 alikuwa wa tatu, 2:04:53, yaani nyuma ya Mutai kwa dakika 1 na sekunde 51. Miezi saba baadaye wako wote New York. Mutai 2:05:06, Gebremariam wa nne kwa 2:08:00, nyuma kwa dakika 2 na sekunde 54. Saa inasema Mutai kapoteza dakika mbili na sekunde nne. Mtu aliyekimbia naye siku zote mbili anasema Mutai kamuacha dakika nzima zaidi ya alivyomuacha Boston.

Utaniambia labda Gebremariam ndiye aliyeshuka. Swali zuri na mpwa aliliuliza palepale, hana ujinga yule kijana. Lakini Gebremariam ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi wa New York, alishinda 2010 kwa 2:08:14, kwa hiyo kozi ileile aliyochukulia ubingwa kaikimbia tena kwa kasi zaidi, sekunde 14, akatoka wa nne. Sisemi hiyo inamaliza kila kitu, manake mwaka 2011 watu walikwenda kasi tangu mapema na hali ya hewa iliwakubali, na Emmanuel Mutai (huyu ni mwengine, majina tu) alitoka 2:09:18 ya mwaka 2010 mpaka 2:06:28. Ila mtu aliyevunjika hakimbii 2:08:00 New York.

Na New York si mahali pa kupewa taimu. Unaanzia Staten Island unakutana na daraja la Verrazzano kabla hata mwili haujapata moto, unapita Brooklyn, Queens, Manhattan, unachungulia Bronx, unarudi kumalizia Central Park ambako kunapanda na kushuka. Madaraja matano. Tena hawakuwa na pesimeka, wale wanaolipwa kuvuta kasi mpaka kilomita 30 kisha wanatoka, kwa hiyo anayetaka kasi ajitolee mwenyewe kifua chake. Rekodi ya kozi ilikuwa 2:07:43 ya Tesfaye Jifar tangu 2001, imekaa miaka kumi mabingwa wanakuja wanaiacha. Mutai kaikata dakika 2 na sekunde 37.

Kuna na kipimo chengine ambacho hakihitaji hesabu, ni kungojea tu. Ile 2:05:06 ilikaa miaka 12. Katikati hapo vikaja viatu vyenye sahani ya kaboni ndani, taimu za marathoni zikaporomoka dunia nzima, na hata hivyo New York ilibaki yake mpaka Novemba 2023 Tamirat Tola alipokimbia 2:04:58. Sekunde nane, na kiatu ambacho Mutai hakuwa nacho. Kwa hiyo mie nikimtafuta Mutai katika kilele chake siendi Boston, naenda New York Novemba 2011, pale ambapo daftari limemchorea mshale wa chini.

Sasa Boston 2012, ile alama nyekundu. Siku ile joto lilipanda mpaka nyuzi 30 na kidogo, waandaaji wakawaambia wakimbiaji wa kawaida wasio tayari waahirishe waje mwaka unaofuata. Wesley Korir alishinda kwa 2:12:40. Kozi ileile, mwezi uleule, mwaka mmoja baadaye, na taimu ya ushindi imeongezeka karibu dakika kumi. Sisi watu wa hapa joto hatuhitaji kuelezwa, ila kwa mkimbiaji wa kasi ile lina ubaya wake, manake mwili wake unatengeneza moto mwingi kupita wetu sisi tunaojikokota, na damu ambayo ingekwenda miguuni inaitwa kwenye ngozi ikapoze. Mutai aliacha. Kuacha ni kuacha, siwezi kumtetea nikasema alikuwa na fomu, lakini siwezi pia kuandika kashuka, manake hakuna cha kulinganisha. Mie ningeacha nafasi wazi. Mpwa hataki nafasi wazi, anasema ukurasa unakuwa mbaya.

Na ile kuacha inawezekana ndiyo iliyomgharimu, manake timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012 ilitangazwa bila yeye. Walitajwa Abel Kirui, Wilson Kipsang na Mosop, Mosop akaumia akaingia Emmanuel Mutai. Hapa mpwa wangu ana hoja yake na nataka niieleze vizuri manake si ya kipuuzi: Olimpiki ni mwezi wa nane, hakuna pesimeka, kuna joto, sasa mtu aliyeacha kwenye joto miezi minne nyuma utampelekaje? Sawa. Lakini mbio bila pesimeka ndizo zake, New York kashaonyesha. Mie ningemchukua, na nafasi ya kumwekea ningeipata. Kilichotokea ni Stephen Kiprotich wa Uganda kuchukua dhahabu kwa 2:08:01, Kirui fedha, Kipsang shaba, na kama Mutai angebadilisha kitu hapo huo ni ubishi wa kahawa tu, tuuache.

Berlin 2012 sikai sana. Ni tambarare, ina pesimeka, hewa ya mwezi wa tisa imepoa, ndiko dunia nzima inakokwenda kutafuta taimu. Alishinda kwa 2:04:15, na Dennis Kimetto aliyekuwa akifanya naye mazoezi akaingia wa pili kwa 2:04:16, watu wakanong'ona kwamba mwanafunzi kamheshimu mwalimu. Kimetto huyohuyo miaka miwili baadaye, Berlin hiyohiyo, akakimbia 2:02:57 ikawa rekodi ya dunia. Mpwa kamchorea Mutai mshale wa juu, kutoka New York kwenda Berlin, kama kwamba dakika moja ya Berlin ni sawa na dakika moja ya New York. Ukitaka mshale wa haki mlinganishe na Berlin yake mwenyewe ya 2010, alipokuwa wa pili kwa 2:05:10 siku ya mvua, hapo sawa, sekunde 55 zimepungua, japo mvua nayo ina fungu lake. Kupanda kupo ila si kule alikochora.

Hii si kwa Mutai peke yake lakini. Mchukue Eliud Kipchoge, Aprili 2023 kaenda Boston katoka wa sita, 2:09:23, Septemba kaenda Berlin kashinda kwa 2:02:42. Kwa daftari letu Kipchoge alipanda dakika 6 na sekunde 41 ndani ya miezi mitano, akiwa na miaka 38. Nani ataamini?

Haya, sasa tufike pale penye utamu, na hapa ndipo nilipoomba kalamu.

Kibaba cha pili ni Tsegaye Kebede, naye wa Ethiopia. Mfupi, anakimbia kama mtu anayekimbizwa, na kikubwa kwetu sisi ni kwamba hayumbi, kila mwaka yuko palepale mbele, kashinda Chicago 2012, kashinda London 2013. Na kakutana na Mutai mara tatu katika ukurasa huu. New York 2011, Kebede wa tatu kwa 2:07:14, Mutai yuko mbele yake kwa dakika 2 na sekunde 8. New York 2013, Mutai kashinda kwa 2:08:24, Kebede wa pili kwa 2:09:16, tofauti sekunde 52. London 2014, Kebede wa tatu kwa 2:06:30, Mutai wa sita kwa 2:08:18. Sasa Mutai ndiye yuko nyuma, dakika 1 na sekunde 48.

Nikaziandika zile tatu chini ya mishale yake, +2:08, +0:52, -1:48, nikamwachia asome mwenyewe. Kanyamaza kidogo. Manake pale New York 2013 kwenda London 2014 yeye kachora mshale wa juu, sekunde sita za kupanda, na hapohapo ndipo mtu alipoanguka dakika mbili na sekunde arobaini mbele ya mtu yuleyule. London ni kozi ya kasi, ina pesimeka, siku ile Wilson Kipsang alishinda kwa 2:04:29. Kukimbia 2:08:18 pale na kukimbia 2:08:24 kwenye madaraja na upepo wa New York si kitu kimoja hata chembe.

Na angalia jambo jengine, ule ushindi wa 2013. Tulishangilia, bingwa mara mbili, na ni kweli kashinda. Ila zile sekunde 52 zinasema kupungua kulishaanza, ushindi ukakufunika. Hapa siweki mkono kwenye moto, manake siku ya upepo watu wanajificha migongoni, wanangojeana, tofauti zinabanwa, kwa hiyo huenda sehemu ya kule kupungua ni mchezo wa siku tu. Nusu namwachia upepo, nusu namwandikia yeye.

Ami akaweka kikombe chini. "Huyo Kebede naye kapimwa na nani?"

Aibu ilinipata kidogo manake ndilo swali lenyewe. Ukipima kila kitu kwa kibaba kimoja na kibaba chenyewe kina ufa, umejipunja bila kujua. Kebede akipanda, Mutai ataonekana kashuka na kumbe kasimama.

Jibu langu ni kwamba ndio maana nilianza na Gebremariam, tunarudi kwake. New York 2014 wote wawili wapo tena. Siku ya upepo mbaya, Kipsang mwenyewe, aliyewahi kushika rekodi ya dunia kwa 2:03:23, alihitaji 2:10:59 kushinda. Gebremariam wa tatu kwa 2:12:13, Mutai wa sita kwa 2:13:44. Kwa hiyo kwa Gebremariam hesabu inakwenda +1:51 Boston 2011, +2:54 New York 2011, -1:31 New York 2014. Vibaba viwili, watu wawili, na vyote vinasema alikuwa juu mwisho wa 2011 na 2014 hakuwa yule.

Ila hebu tazama na huu mshale wa mwisho, ule aliokoleza. Saa inasema kutoka New York ya 2011 mpaka ya 2014 Mutai kapoteza dakika 8 na sekunde 38. Gebremariam anasema dakika 4 na sekunde 25. Karibu nusu ya ile aibu ni upepo. Yaani kuanguka kwa London saa ilikuficha, na kuanguka kwa New York saa ikakuzidisha mara mbili, na daftari likaamini kote kuwili.

Mpwa akachukua daftari lake, hakusema nimeshinda, hawezi kusema hivyo yule, katoa rula akaanza kupiga mstari wa safu mpya pembeni ya mishale. Juu yake kaandika "pamoja na nani". Alafu akafunua ukurasa wa pili, wa Mosop, 2:03:06 Boston, 2:05:37 Chicago mwaka huohuo na mshale wa chini, akaniuliza, "Na huyu mjomba, Boston na Chicago alikimbia na nani kote kuwili?"

Nikafikiri. Sikumpata mtu. Mwenye kahawa akaja kuchukua vikombe, Ami akalipa vyote, na mpwa ile safu ya Mosop akaiacha tupu, japo nilimwona inamuuma.